Ng'ombe wa Sita

Si Edah.

Nawaomba radhi wasomaji wangu nyote mliokaa wiki nzima tangu sehemu iliyopita mkibishana kazini kwamba lazima ni Edah. Mlango wa ukumbi ulifunguka kweli, na mwanamke kutoka kijiji cha Mayoni aliingia kweli. Ila aliyeingia alikuwa Mama Zilpah, mama mzazi wa Edah. Ndiye mama mkwe wa Daktari Patroba Shitanda, yule aliyekuwa amesimama mbele kuzindua kitabu chake.

Na kwetu, mama mkwe kuingia mahali alipo mkwewe ni jambo zito kuliko mke kurudi. Hawapeani mkono. Hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anajitoma kwenye miwa mpaka mwenzake apite. Mama Zilpah alikuwa ameishika desturi hiyo tangu siku ya harusi, na Ijumaa hiyo saa tisa mchana akaivunja mbele ya watu kumi na sita.

Kumi na sita tu. Viti vilikuwa hamsini. Daktari alivipanga mwenyewe tangu saa sita, peke yake, akiacha njia pana katikati kana kwamba umati ungesukumana. Kiti cha kwanza mbele alikibandika karatasi yenye jina moja: EDAH.

Kitabu chake cha Kiingereza kiliitwa, tukikigeuza, Dola ya Kungoja. Kurasa mia tatu za siasa, na Nairobi wasomi wenzake walikuwa wakikisifu kila walipokutana. Lakini hakuja Kakamega kutafuta sifa. Alikuja ili mke wake, ambaye yeye Daktari alimwacha nyumbani miaka minane iliyopita akaenda kusoma ng'ambo, aingie, aketi, amsikilize, na baadaye labda akubali kurudiana naye. Mabango, katoni ya vitabu, hotuba, vyote hivyo vilikuwa kisingizio cha mtu anayeogopa kubisha hodi.

Alipomwona mama mkwe, aliinamisha macho. Shahada tatu hazikumzuia. Shingo ilijikumbukia yenyewe.

Mama Zilpah alipita ile njia pana hadi mbele, kitambaa cha kanisa kichwani, mkoba kwapani. Akafika kwenye kiti chenye karatasi. Akakigeuza, akaketi akimpa Daktari mgongo na kuutazama mlango alioingilia.

"Mwalimu Were," alisema, "mimi na huyo mtu hatuongeangi. Leo wewe utakuwa mdomo."

Mwalimu Were alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa kule kule Mayoni, aliyeombwa kuongoza mkutano. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Mama, kwanza kuna hotuba. Maswali ni mwisho."

"Nimetoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi. Nimengoja vya kutosha. Si hata kitabu kinasema hivyo?"

Watu wawili watatu walicheka. Daktari hakucheka.

"Haya, Mama. Uliza," alisema Mwalimu Were.

"Muulize huyo mwanamke wa Mayoni ameandikwa kwa kitabu ni nani."

Hapo niwarudishe nyuma kidogo, kwa faida ya wageni. Mwezi mmoja kabla, Daktari alimtumia Mwalimu Were nakala moja kwa posta. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, aliipeleka kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, maana sura ya nne ilitaja Mayoni, na si kila siku Mayoni inaingia kwenye kitabu. Akawa anasoma Kiingereza na kukigeuza Kiswahili. Alipofika mahali ambapo mkulima fulani mwanamke anasema, "Ninaamka naangalia barabara. Trekta ikija nasimama. Ikipitiliza nakaa," Mama Zilpah aliweka kikombe chini, akasikiliza sura yote hadi mwisho, akaondoka bila kuaga.

Sasa alikuwa anaeleza kwa nini.

"Hayo maneno ni ya mtoto wangu. Kila barua alinisomea kabla ya kupeleka posta. Nayajua kama ninavyojua kikohozi chake."

Mwalimu Were alimgeukia Daktari. "Mama anauliza..."

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini lazima nikuulize. Ndiyo kazi nimepewa."

Daktari alikohoa. "Mwambie ni mkulima mmoja. Katika utafiti huwa hatutaji majina. Ni kwa ajili ya kumlinda anayehojiwa."

"Kumlinda na nani?" Mama Zilpah aliuliza, halafu akakumbuka kwamba amemjibu mkwe moja kwa moja, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Nje trela la miwa lilipita likinguruma na madirisha yakatikisika. Miaka hiyo yalipita mchana na usiku, kila mtu mwenye shamba la kupanda mahindi amepanda miwa, na asiye na shamba anaikata.

"Mwambie hivi," mama alianza tena, sasa polepole. "Kitabu kinasema ofisi ya kiwanda cha sukari ndiyo ilimngojesha. Miwa imefika miezi ishirini na saba, imetoa maua, na kibali cha kuvuna hakitoki. Ni kweli. Muulize kwa nini hakikutoka."

Loo, hapo Daktari alipata nguvu. Hili sasa lilikuwa shamba lake. Akainua uso, akausemesha mgongo wa mama mkwe kwa sauti ya darasani.

"Mwambie mama kwamba amegusa kiini cha nadharia yangu. Mwenye mamlaka si mwenye bunduki. Si mwenye sheria pia. Ni yule anayeweza kukuweka ungoje, tena ungoje mpaka uone kungoja ni wajibu wako."

Maneno hayo yalipigiwa makofi Nairobi. Hapa mtu mmoja alipiga chafya.

"Mwambie asante," Mama Zilpah alisema. "Sasa muulize kadi ya mkulima ilikuwa kwa jina la nani."

Mwalimu Were hakuuliza. Alikuwa anajua. Mayoni nzima ilijua.

"Mama, jamani."

"Sema, Mwalimu."

"Kadi ilikuwa kwa jina la Patroba Shitanda," mzee alisema, na sasa hakuwa mdomo wa mtu. "Ofisi ilikataa kuandika mwanamke aliyeolewa. Na kibali hakitoki bila sahihi ya mwenye kadi."

"Barua tano zilienda kuomba hiyo sahihi," mama alisema. "Kitabu kimeweka zote tano. Sahihi ndiyo kimesahau."

Mimi si mtetezi wa Daktari, lakini nilisema toka mwanzo kwamba hakuwa mtu mbaya. Alizisoma zile barua mara nyingi kuliko alivyosoma kitabu chochote. Alizisoma kwenye chumba chenye baridi ng'ambo, akilia, huku akinukuu. Aliona uchungu wote uliokuwa mle, akautafutia jina la kitaaluma. Kitu kimoja tu hakukiona: kwamba uchungu ule ulikuwa umetumwa kwake, kwa anwani yake, na kwamba ile ofisi ilikuwa yeye.

Aliona siku hiyo. Akashika meza.

"Bado moja," sauti ilisema kutoka kwenye kile kiti kilichogeuzwa. "Barua zilikuwa tisa. Kwa kitabu nimesikia nane. Muulize ile nene. Ile ya mwezi wa tano, mwaka wa sabini na nne. Hiyo hakuona kama iko na maana?"

Wasomaji wangu, mnaikumbuka. Ni ile barua iliyomo kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wa Daktari, ile ambayo amehama nayo vyumba sita na nchi mbili. Haijawahi kufunguliwa. Kabla yake ilifika telegramu: babake amefariki Lumakanda, maziko Jumamosi. Nauli hakuwa nayo, na mitihani ilianza Jumatatu. Hakwenda. Mtoto wa kiume, kifungua mimba, baba akazikwa bila yeye kutupa hata konzi ya udongo. Bahasha nene ya mke wake ilipoingia wiki mbili baadaye, alijua, au alidhani anajua, kilichomo: maziko yalivyokuwa, nani alilia, nani aliuliza Patroba yuko wapi. Akaiweka kando mpaka apate moyo, na moyo haukupatikana. Na kwa kuwa hakuijibu hiyo, aliona haya kuzijibu zilizofuata. Hata aliporudi nchini na kufundisha Nairobi miaka miwili, hakukanyaga magharibi.

Alichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja. Mwambie sijaifungua. Basi. Ingekuwa aibu mbele ya watu kumi na sita, na ingemwokoa.

"Mwambie," alisema Daktari, "sina jibu."

Mama Zilpah akainuka. Alibandua ile karatasi yenye jina la binti yake, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani.

"Hilo ndilo jibu nilikuja kuchukua," alisema. "Mwambie kesho saa nne lori litashusha ng'ombe zake Lumakanda, kwa baba yake mdogo. Awe hapo. Apokee kamba na mkono wake. Edah amechoka kuangalia barabara."

Akatoka kwa njia ile ile pana.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Ng'ombe wa mahari wakirudishwa, na mume akapokea kamba, ndoa imekwisha, hata kama kanisa linasema vingine.

Vitabu viliuzwa viwili. Kimoja alinunua Mwalimu Were, ambaye tayari alikuwa na chake. Alimshika Daktari bega, akatafuta la kusema, akaambulia "pole," akaenda kufunga madirisha. Daktari alikusanya viti hamsini, akavipanga ukutani kimoja juu ya kingine. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyekataa kumsaidia. Walikuwa wameshaenda.

Jioni hiyo alikaa kwenye chumba alichopanga mtaani Shirere, kati ya vyumba vya wanafunzi. Ukuta ulikuwa mwembamba. Upande wa pili vijana walikuwa wanapika, wanabishana kuhusu mpira, mmoja akaitwa aje aonje chumvi. Daktari alisikiliza chumvi ikionjwa. Alikuwa na mkate na chai ya rangi. Akafungua nakala moja ya kitabu, akaandika "Kwa Edah", akangoja wino ukauke, halafu akakosa mtu wa kumtuma. Nawaambia ukweli, upweke haukumpata siku hiyo. Alikuwa nao miaka minane, ila alikuwa akiuita utafiti.

Aliitoa ile barua. Akairudisha.

Asubuhi alikuwa Lumakanda kabla ya saa nne.

Huko hakuna miwa. Ni mahindi mpaka macho yachoke, mashamba ya wazungu yaliyogawiwa watu baada ya uhuru, na kati yake nyumba ya marehemu baba yake, imefungwa, nyasi zimefika dirishani. Kwenye uwanja wa baba mdogo, Mzee Elkanah, lori lilikuwa limeshafika. Lilikuwa lori la kubebea miwa, bado na majani yake. Ng'ombe walikuwa wamesimama wamefungwa pamoja, wakishangaa.

Osundwa, kaka yake Edah, alikuwa ameshika kamba.

"Mulembe, shemeji," alisema Osundwa, bila uadui na bila kutabasamu.

"Mulembe."

"Umekonda."

"Wewe umenenepa."

"Miwa," alisema Osundwa, na ikawa wamemaliza ya kusemezana.

Daktari aliwatazama ng'ombe. Hakumtambua hata mmoja. Miaka minane ni mingi kwa ng'ombe, hawa walikuwa wajukuu wa wale aliowatoa. Lakini idadi aliijua. Watano alitoa baba yake, na wa sita alimnunua mwenyewe kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu, akamswaga kwa miguu siku mbili hadi Mayoni, akicheka njia nzima kama mwehu. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alipendwa.

Uwanjani walikuwepo watano.

Na hapa, wasomaji wangu, yule msomi alifanya kitu kidogo sana, cha aibu, ambacho mtu hukifanya akiumia mahali asipoweza kupagusa. Alikasirika kuhusu ng'ombe. Akamvuta Mzee Elkanah kando, nyuma ya ghala la mahindi.

"Baba, nilitoa sita."

"Ndiyo."

"Hapa wako watano. Wametupunja. Wananiaibisha mbele ya watu, halafu hata kurudisha wanarudisha nusu nusu ili tukae tukingoja. Sipokei kamba mpaka wa sita aletwe."

Mzee Elkanah alimtazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyefiwa na mke, akaishi na redio.

"Patroba, kwani hujui, ama unanijaribu?"

"Nijue nini?"

"Ng'ombe moja inaachwanga mahali omwana yuko. Ndiyo inaonyesha huyo mtoto ni wa ukoo ya baba yake. Hata mtu hajaingia shule anajua hiyo."

"Mtoto gani?"

Mzee alivua kofia. Aliketi juu ya gunia, taratibu, kama aliyeambiwa habari ya msiba.

"Mtoto gani?" Patroba aliuliza tena.

"Wako. Msichana. Alizaliwa wiki ile tulizika baba yako. Edah alikuwa hapa, ametoka kwa matanga akaingia kwa uchungu. Ulipoenda hukujua, na mimba haitangazwangi kwa barua, hiyo ni kuita mkosi. Alingoja azae. Akazaa, akakuandikia, siku mbili anaandika. Ukanyamaza."

"Mimi sikuji—"

"Ukanyamaza. Sisi tukasema, basi, amekataa mtoto. Na hiyo ni kitu mtu haulizangi. Edah akarudi kwa mama yake. Alisema mtoto hatajwi mara mbili kwa mtu alinyamaza mara moja. Ndiyo maana baadaye alikuandikia miwa tu."

Daktari aliyaona yote kwa mpigo mmoja: mgongo wa Mama Zilpah, ile "sina jibu" yake, ile karatasi ikikunjwa mara mbili. Mama mkwe hakuja kumwaibisha. Alivunja desturi ya maisha yake kuja kumuuliza, kwa mara ya mwisho, kama anamtaka huyo msichana. Naye akajibu.

"Na huyu ng'ombe aliyeachwa," aliuliza, "nani alisema aachwe?"

"Ni mimi. Wewe ulikataa. Ukoo haukukataa."

"Baba, sikukataa. Sikuifungua."

Mzee Elkanah hakuelewa. "Hukufungua nini?"

Patroba alikuwa ameshapiga magoti kwenye vumbi la ghala, anatafuta kwenye mkoba kwa mikono miwili, vitabu vinaanguka, Dola ya Kungoja moja, mbili, tatu. Akaipata. Bahasha ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Gundi ilikuwa imekauka siku nyingi. Aliigusa tu ikafunguka, kana kwamba ingefunguka wakati wowote angeigusa.

Zile barua nane zote zilianza namna moja: Mpendwa Patroba. Alizijua kwa moyo. Hii haikuanza hivyo. Mwandiko ulikuwa ule ule, umeinama kidogo, wa mtu anayeandika akiwa amelala ubavu.

Baba Navalayo, ilisema.

Navalayo lilikuwa jina la mama yake, aliyefariki Patroba akiwa na miaka minne. Hakuna mtu aliyekuwa amelitamka jina hilo mbele yake tangu babake afariki. Alilisoma tena. Baba Navalayo. Miaka saba na nusu alikuwa anaitwa hivyo, ndani ya mkoba wake mwenyewe, na hakuitika.

"Shemeji." Osundwa alikuwa amelizunguka ghala, ng'ombe wakimfuata nyuma. Hakuona barua, aliona mtu amepiga magoti, na akageuza uso kwa heshima. "Lori ni ya watu, linangojewa Mayoni. Na mama alisema nisirudi bila kuona umeshika. Shika kamba tumalize."

Akainyoosha.

Patroba alisimama. Mkono wa kushoto ulikuwa na karatasi nne zilizoandikwa pande zote mbili, na alikuwa amesoma maneno mawili tu. Kwa kuume, kamba ilikuwa imeshamgusa vidole.